Macho Mekundu na Makavu Baada ya Kuzoea Dawa ya Matone: Mwongozo Kamili wa Kuiacha

Ukitia tone la kuondoa wekundu, jicho linakuwa jeupe ndani ya dakika moja au mbili. Mtego ndio huo. Baada ya saa chache wekundu unarudi, unatia tena. Wiki zinapita, mara mbili kwa siku zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, na kioo kinakuonyesha jicho jekundu kuliko lilivyokuwa siku uliyofungua chupa ya kwanza. Juu ya wekundu yameongezeka mengine: jicho linachoma, linakwaruza kama lina mchanga, na ikifika jioni kusoma ni kazi. Aliyefika hapa kwa kawaida hutafuta dawa kali zaidi. Anachohitaji ni kupunguza, na kupunguza kuna utaratibu wake, kwa sababu si kila chupa inaachwa kwa namna moja.

## Anza na chupa, si na jicho

Kusanya kila kitu unachotia machoni, uweke mezani, usome viambato kimoja kimoja. Usisome jina kubwa la mbele tu. Maandishi madogo ya ubavuni ndiyo yenye habari. Mara nyingi chupa yako itaangukia katika moja ya makundi haya.

Kundi la kwanza ni dawa za kubana mishipa: nafazolini, tetrahaidrozolini, oksimetazolini, fenilefrini. Tatu za mwanzo ni rahisi kuzitambua kwa sababu majina yake kwenye boksi huishia na "-zoline". Mara nyingi huchanganywa na dawa ya mzio katika chupa moja, na mnunuzi hudhani amenunua dawa ya mzio peke yake. Hizi unaweza kuziacha mwenyewe, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inazihusu.

Kundi la pili ni steroidi, yaani dawa kali za kuzima uvimbe: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni, fluorometholoni, ama peke yake ama ndani ya chupa moja na antibiotiki. Ikiwa umezitumia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, usiziache ghafla, na usiendelee nazo bila kupimwa. Zikikatizwa kwa mkupuo, uvimbe uliokuwa umezimwa unaweza kuwaka upya kwa nguvu. Zikiendelea, presha ya ndani ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote na kuharibu mshipa wa kuonea, mtoto wa jicho anaweza kukua, na maambukizi ya virusi vya hepesi au ya kuvu hupata nafasi. Nenda kwa daktari wa macho na chupa mkononi. Atapima presha na kukupangia jinsi ya kushuka hatua kwa hatua.

Kundi la tatu ni dawa za glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuonea, mara nyingi kwa presha ya ndani ya jicho. Hizi nazo zinaweza kuyafanya macho kuwa mekundu na makavu, lakini zinalinda uwezo wa kuona. Usiguse ratiba yake. Muulize daktari kama ipo aina isiyo na kihifadhi (kemikali ya kuua vijidudu ndani ya chupa).

La nne ni dawa za ganzi, kama tetrakaini na proparakaini. Zinatakiwa kubaki chumba cha daktari. Mtu akizipata na kuzitumia nyumbani kutuliza maumivu, konea (kile kioo cha mbele cha jicho) inashindwa kupona na inaweza kutoboka. Kama ndiyo uliyokuwa ukitia, acha na uonwe na daktari leo.

La tano ni machozi bandia yenye kihifadhi. Watu huyaona kuwa hayana madhara, na kwa mara mbili tatu kwa siku ni kweli. Kwa mara kumi ni habari nyingine.

## Kilichotokea ndani ya jicho

Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba wenye mishipa midogo ya damu. Dawa ya kubana huifinya mishipa hiyo, damu inapungua, weupe unaonekana. Lakini chanzo cha wekundu, iwe vumbi, mzio au ukavu, hakijaguswa. Dawa ikiisha nguvu, mishipa hufunguka, na baada ya kufinywa tena na tena hufunguka kupita kiasi. Wakati huohuo vipokezi vya mishipa vinaizoea dawa, hivyo tone lililofanya kazi saa sita sasa linafanya kazi saa mbili. Ndiyo maana lebo nyingi huonya kwamba wekundu ukizidi saa 72, uache na umwone daktari.

Kisha kuna kihifadhi. Kinachotumika zaidi ni benzalkoniamu kloraidi, ambacho kwa ufupi huandikwa BAK. Kazi yake ni kuua vijidudu ndani ya chupa, na huviua kwa kuyeyusha ngozi ya seli zao, kama sabuni inavyoyeyusha mafuta. Shida ni kwamba hakichagui. Machozi si maji matupu: juu kuna tabaka jembamba la mafuta linalozuia maji yasikauke, katikati maji yenyewe, na chini ute unaoyafanya yashike kwenye jicho. BAK hulivunja tabaka la mafuta na kuziumiza seli zinazotengeneza ute. Machozi yanaachana upesi, konea inabaki wazi, jicho linachoma, nawe unatia tone jingine lenye BAK. Ukiielewa duara hiyo, utaelewa pia kwa nini kubadilisha dawa moja ya wekundu kwa nyingine hakujamsaidia mtu.

## Usianze nyumbani ukiona haya

Nenda kupimwa siku hiyohiyo kama kuna maumivu makali, mwanga unaumiza, uwezo wa kuona umeshuka, kuna doa jeupe kwenye konea, usaha mzito, au mboni moja ni kubwa kuliko mwenzake. Vivyo hivyo kama jicho jekundu limewahi kulala na lenzi ya kuvaliwa, limepigwa, au limerukiwa na kemikali (hapo osha kwanza kwa maji safi mengi kwa angalau dakika 15, halafu ndipo uondoke). Dawa za kubana mishipa hutanua mboni kidogo. Kwa mwenye jicho lenye pembe finyu, yaani ambalo njia ya kutolea maji ya ndani ni nyembamba, hilo linaweza kuiziba njia hiyo. Jicho linalouma pamoja na kichwa, kichefuchefu na duara za rangi kuzunguka taa ni dharura, usiku au mchana.

## Kuiacha: siku ya kwanza hadi wiki ya nne

Chagua siku tatu au nne ambazo hulazimiki kuonekana mbele ya watu. Hili si urembo. Wengi huvunja nia siku ya pili kwa sababu ya mkutano au picha, wala si kwa sababu ya maumivu.

Kuna njia mbili zinazofaa. Ya kwanza ni kuacha macho yote mara moja. Ni fupi na ndiyo tunayoipendelea kwa mtu aliyetumia kwa wiki chache. Ya pili ni jicho moja kwanza: unaacha kutia jicho la kulia, unaendelea na la kushoto kwa kipimo kilekile bila kuzidisha, na la kulia likitulia unaacha la kushoto. Inachukua muda mara mbili, ila ina faida moja kubwa: baada ya wiki mbili tatu utayaona macho mawili yakitofautiana kwenye kioo kimoja, na jicho lililoachwa ndilo litakalokushawishi. Njia ya kupunguza tone moja kila siku inasikika kuwa ya busara, lakini kila tone linaibana mishipa upya na kurefusha safari.

Tarajia hivi. Ndani ya siku ya kwanza hadi ya tatu jicho litakuwa jekundu kuliko ulivyolizoea, lenye joto, na huenda likachuruzika machozi. Huo ni mfunguko wa mishipa uliokuwa ukiufukuza kwa tone; si ugonjwa mpya. Kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza joto hupungua ingawa rangi bado ipo. Kwa walio wengi wekundu wa dawa huisha ndani ya wiki chache, mara nyingi karibu 4, na aliyetumia kwa miaka anaweza kuhitaji miezi kadhaa. Piga picha ya macho kila asubuhi, dirisha lilelile, saa ileile. Ukijitazama kila saa kwenye kioo hutaona maendeleo hata kama yapo.

Silaha ya siku hizi za mwanzo ni baridi. Lowesha kitambaa safi kwenye maji ya friji, kamua, funga macho, weka juu yake dakika 5 hadi 10. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Baridi hubana mishipa kidogo bila kuwa na deni la kulipa baadaye. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja.

Vua lenzi za kuvaliwa kipindi chote hiki, na vipodozi vya macho viweke kando.

## Machozi bandia: yapi, kiasi gani, vipi

Nunua yasiyo na kihifadhi. Ama yawe kwenye vichupa vidogo vya plastiki vya matumizi ya siku moja, ama kwenye chupa maalumu yenye vali inayozuia hewa na vijidudu kurudi ndani. Viambato vya kutafuta ni kaboksimethiliselulosi ya asilimia 0.5, haipromelosi ya asilimia 0.3, au sodiamu haialuroneti ya asilimia 0.1 hadi 0.2. Ya mwisho hukaa juu ya jicho muda mrefu zaidi. Kama jicho linachoma zaidi penye upepo na linachuruzika, uwezekano ni kwamba tabaka la mafuta ndilo dhaifu. Hapo tafuta aina yenye mafuta ndani yake.

Kwa wiki ya kwanza tia kila baada ya saa mbili ukiwa macho, hata kama hujisikii ukavu. Kusubiri hadi jicho lichome ndiyo tabia iliyokufikisha hapa. Wiki ya pili teremka hadi mara sita, ya tatu na ya nne mara nne, kisha kadiri ya haja. Kabla ya kulala tumia jeli nzito, au marhamu ya parafini kiasi cha sentimita moja ndani ya ukope wa chini. Marhamu hutia ukungu, kwa hiyo yawe ya mwisho kabisa kabla ya kuzima taa.

Jinsi ya kutia inaharibiwa na wengi. Nawa mikono. Inamisha kichwa nyuma, vuta ukope wa chini uwe kama kimfuko, dondosha tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa nywele za kope wala jicho. Tone moja lina mikrolita 30 hadi 50, na jicho halishiki zaidi ya takriban 30. La pili linamwagika shavuni. Funga macho taratibu dakika moja, bila kuyakaza na bila kupepesa haraka, maana kupepesa ni kulisukuma tone kwenye mrija wa machozi liishie puani. Kama una dawa nyingine ya matone, acha nafasi ya dakika 5 kati ya moja na nyingine, nyepesi itangulie nzito.

Kichupa cha siku moja kisilale hadi kesho, hata kama kimebaki nusu. Dawa isiyo na kihifadhi haina mlinzi ndani yake. Mwaka 2023 nchini Marekani machozi bandia yaliyochafuliwa kiwandani na bakteria sugu wa Pseudomonas yaliwaambukiza watu 81 katika majimbo 18. 4 walifariki na wengine walipoteza uwezo wa kuona. Hiyo haina maana kwamba urudie BAK. Maana yake ni kwamba ununue mahali pa kuaminika, utazame muhuri na tarehe, na utupe chochote chenye ukungu au vipande vinavyoelea. Maji ya chumvi ya kujichanganyia jikoni hayafai kabisa: hayana usafi wa kutosha, na chumvi ikizidi kidogo inanyonya maji kutoka kwenye konea.

## Kope zinabeba nusu ya kazi

Kwenye ukingo wa ukope, nyuma tu ya mstari wa nywele, kuna vitundu vya tezi zinazotoa mafuta ya machozi. Tezi hizo zikiziba, hakuna chupa itakayotosha. Katika macho makavu ya muda mrefu kuziba kwa tezi ni jambo la kawaida sana, na huenda ndicho kilichokuwa chanzo tangu mwanzo, kabla ya dawa.

Pasha joto. Maji yawe ya nyuzi 40 hadi 42 za Selsiasi, yaani ya moto ambao upande wa ndani wa kiganja unavumilia bila kushtuka. Lowesha kitambaa, kamua, weka juu ya macho yaliyofungwa. Kitambaa hupoa ndani ya dakika mbili hivi, na hapo ndipo wengi hukosea: wanakiacha dakika kumi kikiwa baridi, halafu wanasema haisaidii. Kichovye tena kila kinapopoa, jumla iwe dakika 8 hadi 10. Mara tu baada ya hapo sugua kwa ncha ya kidole kisafi kuelekea kwenye nywele: ukope wa juu unasuguliwa kushuka, wa chini kupanda, mara tano hadi kumi kila sehemu, bila kulikandamiza jicho lenyewe. Kisha futa ukingo kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Joto huongeza wekundu kwa muda mfupi, kwa hiyo lifanye jioni na baridi uibakize asubuhi. Fanya kila siku kwa angalau wiki nne kabla ya kulihukumu.

Shampuu ya watoto iliyochanganywa na maji imeshauriwa kwa miaka mingi kusafishia kope. Kwa jicho lililoumizwa na kihifadhi chenye tabia ya sabuni, hatuoni sababu ya kuliongezea sabuni nyingine. Lakini ukiona maganda yamekumbatia shina la kila unywele kama pete, huenda ni utitiri wa kope, na hao wana dawa yao; maji matupu hayatawaondoa.

## Mambo ya mchana

Mtu aliyetulia hupepesa karibu mara 15 kwa dakika. Akitazama skrini hushuka hadi theluthi ya hapo, na nyingi kati ya hizo ni nusu: ukope wa juu haufiki chini, kwa hiyo sehemu ya chini ya konea haipakwi machozi. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali mita 6 kwa sekunde 20, kisha funga macho kabisa, hesabu mbili, fumbua, mara kumi. Shusha skrini iwe chini ya usawa wa macho ili uwazi wa jicho upungue. Feni na kiyoyozi visielekee usoni, hasa usiku. Moshi ni adui, wako au wa mwenzako.

Tazama pia dawa za kumeza. Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi, baadhi ya dawa za sonona, za kuongeza mkojo, na isotretinoini ya chunusi hukausha macho. Usiziache kwa uamuzi wako, mweleze aliyekuandikia. Vidonge vya mafuta ya samaki vina sifa kubwa kuliko kazi yake: jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, gramu 3 kwa siku kwa mwaka mzima, halikuyashinda mafuta ya zeituni yaliyotumiwa kama kilinganishi.

Na kama macho yanawasha hadi unayafikicha, shuku mzio. Ketotifeni ya asilimia 0.025 au olopatadini ya asilimia 0.1, tone moja mara mbili kwa siku, hutibu mzio wenyewe na hazina deni la wekundu. Tafuta isiyo na BAK. Ketotifeni hupatikana hivyo. Kuwasha ni dalili ya mzio, kuchoma na kukwaruza ni dalili ya ukavu; mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Vipi kuhusu siku ya sherehe? Ipo brimonidini ya asilimia 0.025, inayobana mishipa kwa njia tofauti kidogo na ambayo wekundu wake wa kurudi ni mdogo. Kwa jicho lililokwisha kupona, tone moja kwa siku maalumu si dhambi. Kwa aliye ndani ya wiki sita za mwanzo, hapana.

## Ikifika wiki ya sita bila nafuu

Jipime kwanza: pepesa, fumbua, hesabu sekunde hadi jicho lidai kupepesa kwa kuchoma. Chini ya 10 inaashiria kuwa machozi yanaachana upesi. Ni kipimo cha mkono, lakini kitakupa cha kumweleza daktari.

Yeye atatia rangi ya fluoreseini aone michubuko ya konea chini ya mwanga wa bluu, na huenda akaweka kikaratasi kwenye ukope wa chini kwa dakika 5: kikilowa chini ya milimita 5, jicho halitengenezi maji ya kutosha. Mwambie kama mdomo nao ni mkavu na viungo vinauma, kwa kuwa kuna ugonjwa wa Sjögren ambamo kinga ya mwili huzishambulia tezi za machozi na mate. Mweleze matatizo ya tezi ya shingo. Uliza kuhusu matone ya siklosporini, ambayo huchukua miezi kabla ya kuonyesha matunda, na vizibo vidogo vya mirija ya machozi. Wekundu unaokaa sehemu moja tu, upande wa pua, wenye kinyama kilichoinuka, si wa dawa. Hakuna tone la dukani litakaloufuta.

Mpelekee orodha kamili ya ulichotia, kwa muda gani na mara ngapi kwa siku, pamoja na idadi halisi usiyopenda kuitaja. Mara kumi kwa siku kwa miaka mitatu ni taarifa ya kitabibu.

Chupa zilizobaki usiziweke kabatini kwa ajili ya dharura. Nafazolini na tetrahaidrozolini zikinywewa na mtoto, hata mililita 1 au 2, zinaweza kumlaza usingizi mzito, kupunguza mapigo ya moyo na kumdhoofisha pumzi. Zirudishe kwenye duka la dawa linalopokea dawa za kutupwa. Mtoto akionekana na chupa mdomoni, mpeleke hospitali na chupa hiyo bila kungoja dalili.